Kuulizana kwa Namna ya Socrates, na Baraza Zetu

Siku hizi katika Ulaya na Marekani watu wa kazi mbalimbali, wasiokuwa wanafunzi wala walimu wa chuo, hukutana mkahawani, maktabani, gerezani, hata katika nyumba wanamotunzwa wazee, ili waulizane maswali makubwa: haki ni nini, je, mtu aweza kusema uongo naye akawa mwema, je, rafiki apaswa kuambiwa kweli yote. Mikutano hiyo huitwa kwa jina la Socrates, mtu wa Athene aliyeuawa kwa hukumu ya mji wake mwaka 399 kabla ya Kristo. Tena husemwa ya kuwa jambo hili si geni kwetu, kwamba watu wa pwani na wa bara wamekuwa nalo tangu zamani, maana wanazo baraza zao. Maneno hayo yapendeza masikioni. Lakini twaona yafaa yapimwe kwanza, kwa sababu jina la Socrates ni zito, na jina la baraza nalo si jepesi, wala si kila watu walioketi pamoja na kusema huwa wameulizana.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina majina mengi ya kazi hii, na kila moja lina njia yake. Mjadala na mdahalo hutuletea picha ya pande mbili, upande mmoja ushinde na wa pili ushindwe. Mazungumzo ni neno pole mno, hutumika hata kwa watu wanaopitisha jioni yao tu. Mahojiano latokana na hoja, neno la asili ya Kiarabu, nalo lingalifaa sana kama halingalichukuliwa na polisi na waandishi wa magazeti. Leo mtu akiambiwa ya kuwa anakwenda kuhojiwa, moyo humdunda. Kusaili ni ndugu wa swali na suala, lakini usaili sasa umekuwa wa mtu atafutaye kazi. Ndiyo sababu twachagua kuulizana. Uzuri wake umo katika ile -ana ya mwisho: aulizaye sasa hivi hana budi kuulizwa punde. Na hapo pana jambo ambalo Socrates mwenyewe, kwa jinsi Plato alivyomwandika, hakulitimiza sikuzote. Katika vitabu vingi yeye ndiye aulizaye, na mwenziwe hujibu naam, ndivyo, bila shaka, ukurasa baada ya ukurasa, hata msomaji akaanza kumhurumia mwenzi huyo.

Liko neno jingine lenye matata zaidi, nalo ni mjinga. Alipojitetea mbele ya waamuzi wake, Socrates alisema ya kuwa kama amewazidi wengine, amewazidi kwa jambo hili dogo tu, kwamba asilolijua hadhani kuwa alijua. Kulisema hilo kwa Kiswahili ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Mtu akisema kwamba yeye ni mjinga amejitweza, na akimwambia mwenziwe kwamba hajui amemtukana. Walakini watu wa kale wa pwani walimwita mjinga hata mgeni aliyefika karibuni, asiyezijua bado njia za mahali. Ujinga wake haukuwa aibu. Ulikuwa hali ya mtu aliye safarini, nao ulikwisha kwa kukaa na wenyeji. Kama maana ile ya kale ingalibaki na nguvu zake, nusu ya kazi tunayoieleza hapa ingalikuwa imekwisha kufanywa na lugha yenyewe.

Wengi wakitaka kuonyesha namna ya Socrates hutaja habari ya kijana mtumwa katika kitabu kiitwacho Meno, ambaye kwa kuulizwa tu aliitambua njia ya kuchora mraba ulio maradufu ya mraba mwingine. Habari hiyo ni nzuri, lakini ni ya mtu mmoja na mwalimu wake, na jibu lake lajulikana na mwalimu tangu mwanzo. Atakaye kujua jinsi jamii ya watu iwezavyo kuulizana na akisome kitabu kingine cha Plato, kiitwacho Laches. Humo wamo watu wengi, tena mwanzo wake ni wa nyumbani kabisa. Wazee wawili, Lysimachus na Melesias, wana vijana wanaowalea. Baba za wazee hao walikuwa watu wakuu katika Athene, lakini wao wenyewe hawakufanya jambo la kutajwa, nao waona haya mbele ya watoto wao. Wamekwenda kumtazama mtu aonyeshaye ufundi wa kupigana kwa silaha nzito, na wataka kujua kama ufundi huo wafaa kufundishwa vijana. Wamewaita majemadari wawili, Laches na Nicias, wawape shauri. Swali, basi, ni la mzazi yeyote: mwanangu afundishwe nini?

Socrates yupo hapo. Alipoombwa aseme, alijibu kwamba yeye ni mdogo kwa umri na kwa mambo aliyoyaona, hivyo ni haki wakubwa wasikilizwe kwanza. Wasomaji waliolelewa kwa shikamoo watalitambua jambo hilo mara moja, nao wataona ya kuwa heshima haikumzuia kuuliza. Ilimpangia tu zamu yake. Majemadari wakasema, kila mmoja kinyume cha mwenziwe. Hapo mzee Lysimachus akamgeukia Socrates akimtaka atoe kura ya tatu ili shauri likatwe. Socrates hakukubali. Aliuliza kama malezi ya mtoto ni jambo la kuhesabu vichwa, au kama yapasa kumtafuta mwenye ujuzi wa jambo lenyewe. Twaomba msomaji aliweke hilo moyoni, maana tutalirudia tutakapofika kwenye habari ya mapatano.

Kisha Nicias atoa onyo ambalo kwa maoni yetu ndilo ufunguo wa habari yote. Awaambia wenzake kwamba Lysimachus hamjui Socrates. Kwamba mtu amkaribiaye na kuanza kuzungumza naye, hata wakianza na jambo la mbali, mwisho wake huzungushwa mpaka atoe hesabu ya maisha yake mwenyewe, jinsi aishivyo sasa na jinsi alivyoishi zamani. Naye Laches asema ya kuwa maneno ya Socrates hajapata kuyasikia, lakini matendo yake ayajua, kwa kuwa walikuwa pamoja katika kurudi nyuma kwa jeshi la Athene huko Delium, mwaka 424 kabla ya Kristo, na Socrates alisimama kiume siku ile. Kwa hiyo yu tayari kuulizwa na mtu huyu, ijapokuwa ni mdogo kwake.

Tunayo hapo mambo mawili. La kwanza, kinachoulizwa ni maisha ya ajibuye, wala si rai aliyoiokota njiani. La pili, aulizaye na aulizwaye wajuana kwa matendo. Pasipo la kwanza, maneno huwa mepesi. Pasipo la pili, mtu hana sababu ya kukubali kuhojiwa. Sisi twashikilia ya kuwa mikutano yote inayotumia jina la Socrates yapasa kupimwa kwa mizani hiyo.

Yaliyofuata katika kitabu ni mafupi kuyaeleza. Socrates auliza: ujasiri ni nini? Laches ajibu upesi, kama askari, ya kuwa ni kusimama katika safu bila kukimbia. Akumbushwa habari ya Waskithi, wapiganao huku wakirudi nyuma, na ya Wasparta huko Plataea, waliorudi kisha wakageuka wakashinda. Ajaribu tena: ni uvumilivu wa moyo. Je, hata uvumilivu wa kipumbavu? Basi ni uvumilivu wenye akili. Lakini yupi aliye jasiri zaidi, yeye avumiliaye akijua ya kuwa msaada waja, au yule wa upande wa pili avumiliaye bila kujua? Laches atatizika, akasirika, si kwa Socrates, bali kwa nafsi yake, kwa sababu aona analo jambo moyoni na ulimi haulifikii. Nicias aingia na jibu la werevu zaidi, kwamba ujasiri ni kujua yapasayo kuogopwa na yasiyopasa, naye pia akwama. Tena katikati ya maneno hayo Socrates ataja, kama kwa kupita, kwamba sheria humweka jemadari juu ya mpiga bao, wala haimweki mpiga bao juu ya jemadari. Wasomaji wa kwanza wa Plato walijua yaliyompata Nicias. Mwaka 413 kabla ya Kristo, katika kisiwa cha Sicily, mwezi ulipatwa usiku ambao jeshi lake lilikuwa tayari kuondoka. Akawasikiliza wapiga bao, akakawia, na jeshi lote likaangamia naye mwenyewe akauawa. Huyo ndiye mtu aliyesema ya kuwa ujasiri ni kujua yapasayo kuogopwa. Hayo ndiyo tunayoyaita kutoa hesabu.

Sasa tuje kwenye zama hizi. Aliyeyarudisha mazungumzo haya kuwa kazi ya kikundi, yenye taratibu, ni Mjerumani Leonard Nelson, aliyezaliwa Berlin mwaka 1882, akafundisha falsafa na kufa katika mji wa Göttingen mwaka 1927. Mwezi wa Desemba 1922 alitoa hotuba mjini humo juu ya namna ya Socrates, na tangu siku hiyo kazi hii ina msingi. Alilaumu waziwazi yale majibu ya naam na ndivyo katika vitabu vya Plato. Alitaka mwalimu anyamaze, asitoe rai yake wala asionyeshe kwa uso ni nani aliyepatia, na wanafunzi waulizane wao kwa wao. Shule yake ya Walkemühle, iliyofunguliwa mwaka 1924 na kuongozwa na Minna Specht, ilifungwa na Wanazi mwaka 1933, na Specht akaenda na watoto Denmark. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Gustav Heckmann, aliyezaliwa 1898 na kufa 1996, ambaye baada ya vita aliiendeleza kazi hii huko Hannover kwa miaka mingi, akaiandikia kitabu mwaka 1981.

Taratibu za Heckmann si nyingi, lakini ni ngumu kuzishika. Watu huwa wachache, mara nyingi hawazidi kumi na wawili hivi, nao hukaa na swali moja kwa siku kadhaa, pengine juma zima. Kila mmoja huleta jambo lililompata mwenyewe. Hadithi ya kutunga au habari ya gazetini haikubaliki. Huchaguliwa jambo moja tu, likaandikwa ukutani ili wote walione. Kisha huulizwa: hapo ulipofanya hivyo, ulihukumu nini? Na hukumu hiyo yasimama juu ya nini? Hurudi nyuma hivyo, kutoka tendo hadi hukumu, kutoka hukumu hadi msingi wake. Mtu asiyeelewa neno la mwenziwe hana ruhusa ya kulijibu mpaka amelirudia kwa maneno yake na mwenziwe amekiri kwamba ndilo. Tena mara kwa mara huacha swali lenyewe na kuzungumza juu ya mazungumzo yao: nani amenyamazishwa, nani amechoka, kwa nini twazunguka. Jambo hilo la mwisho ni la Heckmann, nasi twaliona ni la thamani kuu, kwa kuwa katika mikutano yetu mingi manung'uniko hayo husemwa njiani watu wakirudi makwao.

Ili msomaji aone jinsi inavyotendeka, tumpe mfano wa kubuni, hali tukijua ya kuwa Heckmann angaliukataa kwa sababu hiyohiyo. Tuseme wavuvi wa chombo kimoja wameketi kuulizana juu ya haki. Mmoja asema: mwenzetu aliugua siku tatu, hakwenda baharini, nami niliyegawa samaki nilimpa fungu lake sawasawa nasi. Mwingine asema hiyo haikuwa haki, ilikuwa huruma, na huruma ni ya mtu kutoa katika fungu lake mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Kiongozi hasemi ni nani aliyenena sawa. Auliza tu: ulipokuwa ukigawa, ulifikiri unampa kitu chake au unampa kitu chako? Mgawaji afikiri kwa muda mrefu, maana swali ni la siku ile, na mkono uliogawa ni wake. Labda ajibu kwamba alifikiri juu ya mwaka uliopita, alipougua yeye. Basi je, ile ilikuwa deni? Na kama ni deni, yule mgeni aliyejiunga na chombo juzi, naye akiugua, hana fungu? Neno haki katika Kiswahili hubeba pamoja jambo la sawa na kitu kimpasacho mtu, na wavuvi hao watakuwa wameufikia mgawanyiko wa neno hilo kwa njia ya samaki, bila mtu yeyote kuwasomea kamusi.

Hatuwezi kumsifu Nelson pasipo kutaja lililo kinyume ndani yake. Mtu huyu aliyeamini ya kuwa kila mtu, akiulizwa vema, aweza kuifikia kweli kwa akili yake mwenyewe, katika siasa alipinga utawala wa kura za wengi, akafundisha kwamba uongozi ni wa wenye hekima waliolelewa kwa ajili yake, na chama alichokiunda kilikuwa na nidhamu kali, kikiwakataza watu wake pombe na nyama. Ni kweli ya kuwa watu wa chama hicho walisimama imara kuwapinga Wanazi, na hilo wastahili kuhesabiwa. Lakini swali labaki: yule kiongozi anyamazaye mkutanoni, je, anyamaza kwa sababu hajui, au kwa sababu ajua na angoja wengine wafike alipo? Kwa Heckmann twaona dalili za hali ya kwanza. Kwa Nelson hatuna hakika sana.

Mikutano ya mikahawani ina asili nyingine. Mwaka 1992 Marc Sautet, Mfaransa aliyekuwa amemsoma sana Nietzsche, alianza kukutana na watu katika Café des Phares, kwenye uwanja wa Bastille mjini Paris, Jumapili asubuhi. Watu waliongezeka, mikahawa mingine ikaiga, naye akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1995, alikufa 1998. Katika Marekani, Christopher Phillips alianza mikutano ya namna hii mwaka 1996 huko Montclair katika New Jersey, na kitabu chake, Socrates Café, kilitoka mwaka 2001 kikasomwa na wengi. Phillips hakukaa mkahawani tu, aliwafuata watu gerezani, shuleni na penye wazee. Hilo ni jema, nasi hatutaki kuwa miongoni mwa wale wanaocheka kila kitu kisichotoka chuoni. Mlango ulio wazi kwa kila apitaye ni kitu adimu, na wako watu ambao hawajapata kuulizwa maisha yao yote waonaje.

Hata hivyo, tukiipima mikutano hiyo kwa mizani ya Laches, twaiona nyepesi. Watu hamsini hawawezi kuulizana kwa muda wa saa mbili; waweza kusema kwa zamu tu. Mmoja asema rai yake, wa pili asema ya kwake, wa tatu amesubiri muda mrefu kiasi kwamba swali limekwisha kumpita, lakini asema vilevile alichokiandaa. Hakuna abanwaye. Hakuna aonaye haya. Tena wengi ni wageni wao kwa wao, wala hakuna aliyekuwako Delium. Nikisema mbele ya watu nisiowajua ya kuwa ahadi yapasa kutimizwa daima, nani atanikumbusha ahadi niliyoivunja? Mkutano wa namna hiyo ni wa wanaopenda kusikilizwa, na haja hiyo ni ya haki. Lakini jina la Socrates limetundikwa mlangoni kama kibao cha duka lililokwisha kubadili bidhaa.

Upande wetu wa dunia kumekuwako kazi moja ya heshima sana, nayo ni ya Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekufa mwaka 1995. Kwa kuwajibu waliosema ya kuwa Afrika haina falsafa ila mila za watu wote kwa pamoja, yeye na wenzake waliwaendea wazee wenye hekima vijijini, wakawauliza, wakanasa maneno yao. Kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima kilitoka mwaka 1990. Aliwagawa wazee hao makundi mawili: wanaoijua mila na kuieleza vema, na wanaoipima mila hiyo kwa akili zao na pengine kuikosoa. Katika kundi la pili alimhesabu Paul Mbuya Akoko, Mjaluo, aliyesema kwamba watu wake walikosea walipomdhania Mungu wao kuwa mwingine mbali na Mungu wa watu wengine. Oruka alipenda kukumbusha ya kuwa Socrates naye hakuandika kitu, wala hakuna amnyimaye jina la mwanafalsafa kwa sababu hiyo.

Twaikubali hoja hiyo. Lakini tazama jinsi walivyoketi: mmoja ametoka chuoni na mashine ya kunasa sauti, mwingine yu nyumbani kwake, mmoja auliza, mwingine ajibu, kisha mgeni huenda zake na maneno. Mzee ametoa hesabu ya mawazo yake, kwa ujasiri mara nyingi, lakini mwulizaji hakutoa hesabu yake kwa mtu. Na majirani za mzee, ambao wangaliweza kusema kwamba hapa ulivyonena ndivyo utendavyo na hapa sivyo, hawakuwapo, au walikaa kando. Ni kuuliza, -ana haijafika.

Hivyo twarudi kwenye baraza. Mjerumani mwingine, Kai Kresse, alikaa Mombasa na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2007 juu ya kufalsafu kwa watu wa mji huo, humo akaeleza jinsi mazungumzo ya barazani yalivyo mahali pa elimu, akawataja watu kama Ahmed Sheikh Nabhany na Ahmad Nassir Juma Bhalo, washairi ambao fikira zao hazikuanzia chuoni. Baraza lile la kukaliwa, la mawe au la udongo, mbele ya nyumba, lina kile ambacho mkahawa wa Paris hauwezi kukinunua. Watu ni walewale kila jioni. Wajuana baba na mama, wajua nani alipa madeni na nani hukwepa. Wana wakati, swali lisilokwisha leo lakuta watu walewale kesho. Kwa mizani ya Laches, sharti la pili limetimizwa pasipo juhudi yoyote.

Je, na sharti la kwanza? Hapo ndipo tunapowaomba wanaosifu baraza wasiende mbio. Kwanza, neno lenyewe ni la mabaraza mawili. Liko baraza la majirani, na liko baraza la mkubwa: zamani la bwana shauri, na la chifu, ambako watu huitwa, huketi, huambiwa, nao huitikia. Atakayekwenda kijijini na kutangaza baraza la kuulizana hajui ni baraza lipi watu watakaloliona akilini mwao. Na mara nyingi, akifika na karatasi na gari, wataona la pili. Watamsikiliza kwa adabu na kumpa majibu wanayodhani kwamba ameyajia.

Pili, kujuana kulekule kunakoleta nguvu ndiko kunakofunga vinywa. Mgeni wa Paris akitahayari Jumapili, Jumatatu hakuna amjuaye. Mtu wa baraza akibanwa mbele ya majirani ataishi na jambo hilo, na watoto wake wataishi nalo. Kwa hiyo mababu walitunga njia za kulikwepa: mafumbo, mizaha ya watani, na hasa methali, ambayo ikipigwa kwa wakati wake huyafunga mazungumzo kama komeo. Methali yasemwa, watu waguna, kahawa yamiminwa. Haikuulizwa kamwe kama ni kweli. Hatuzidharau methali, kurasa nyingi za elimu ya lugha zimejengwa juu yake. Lakini twasema ya kuwa barazani methali hufanya kazi ya kumaliza, na kuulizana kwataka itumiwe kuanzia.

Tatu, kuna habari ya mapatano. Mwalimu Julius Nyerere alipenda kuwataja wazee walioketi chini ya mti mkubwa na kusema mpaka wakapatana, na Heckmann naye alitaka kikundi kitafute neno ambalo wote waweza kulikubali. Juu juu mambo haya ni mamoja, lakini sivyo. Wazee chini ya mti wana shamba la kugawa au ndoa ya kusuluhisha. Hawana budi kukata shauri kabla ya usiku, na mapatano yao ni amani. Amani yaweza kupatikana kwa kuchoka, au kwa mdogo kumwachia mkubwa. Kwa Heckmann mapatano ni kila mmoja kuona kwa akili yake kwamba neno hili ni kweli, na mmoja tu asiyeona atosha kuzuia. Socrates alipokataa kura ya tatu alikataa pia, twadhani, mapatano ya kuchoka.

Na la nne tulitaje, ijapokuwa ni wazi: baraza la pwani ni la wanaume. Wanawake wana mazungumzo yao ndani na uani, na hatujui kwa nini mtu atafutaye hekima ya watu wa kawaida aishie mlangoni. Katika jambo hili mkahawa wa Montclair watushinda.

Kwa hiyo kama kuna mtu atakaye kulifanya jambo hili barazani, shauri letu ni kwamba asilete kitu kikubwa. Na achukue taratibu mbili tu za Heckmann, ile ya kuleta jambo lililompata mtu mwenyewe na ile ya kurudia neno la mwenzi kabla ya kulijibu, na wa kwanza kuleta jambo lake awe mwenye baraza, yule ambaye nyumba ni yake na kahawa ni yake. Mdogo hawezi kumwuliza mkubwa pasipo mkubwa kumfungulia. Lakini mkubwa akiisha kusema mbele ya wote, hapa nilifanya hivi na sijui kama nilifanya sawa, aibu ya wengine imepunguzwa, wala heshima yake haikupungua. Laches alikuwa jemadari alipokubali kuulizwa na aliye mdogo wake. Asiharakishe mwisho. Laches na Nicias hawakupata jibu lao. Wote watatu walikiri ya kuwa hawajui ujasiri ni nini, na Socrates akasema kwamba yawapasa wao wenyewe kutafuta mwalimu kabla ya kuwatafutia vijana, hata kama watu watawacheka kwa kwenda shule na mvi kichwani. Mzee Lysimachus akajibu ya kuwa yeye aliye mkubwa kuliko wote atakuwa wa kwanza kujifunza pamoja na watoto, akamwomba Socrates aje nyumbani kwake kesho alfajiri wayaendeleze mazungumzo. Socrates aliahidi kwenda, akaongeza neno ambalo mtu yeyote wa baraza angaliliongeza, kwamba atafika Mungu akipenda.